Mashimo ya Punda, Maji ya Swala

Wanangu, mtu akikwambieni kwamba swala wa nchi kame hanywi maji kabisa, muulizeni amekaa naye kwa muda gani. Na akija mwengine akakwambieni lazima anywe kila siku ndiyo aishi, muulizeni hivyo hivyo. Mimi nimefanya kazi na wanyama hawa tangu nywele zangu nyeusi mpaka zikageuka, na kila nilipodhani sasa nshawajua, walinichezea shere. Leo nimestaafu, niko zangu nyumbani Ansab, magoti hayataki tena ngazi. Lakini nitajieni swala na maji mwone! Nasimama na kikombe mkononi, na mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, kaa, chai itamwagika." Imwagike.

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama pori hapa Maskati, miaka ya tisini na iliyofuata. Mwanamke wa Kizanzibari, suruali ndani, kanzu ndefu juu, leso nimejifunga kichwani, darubini inaning'inia shingoni. Wakati huo tukikaa Azaiba, na mamangu akinitazama kila alfajiri ninapofunga viatu ananiuliza, "Ndo unakwenda kwa paa wako?" Kwake yeye wote paa, maana paa ndiye aliyemjua kwao Unguja. Nikimwambia, "Mama, hawa si paa, hawa swala," ananijibu, "Wana miguu minne na wanakimbia? Basi paa."

Mkuu wangu alikuwa Daktari Khalfan. Wazee wake walitoka Tabora, na Kiswahili chake cha bara kilikuwa kimenyooka kama rula. Mimi nikisema nnakwenda, yeye anasema ninaenda, na tukitaniana hivyo njia nzima mpaka tuingie majabalini. Alikuwa mtu wa kucheka kwa shida lakini akiona kitu kipya porini anakuwa kama mtoto wa Idi.

Somo lake la kwanza kwangu sikulisahau. Tulifika bondeni jua halijatoka. Bonde lenyewe ni wadi, yaani mto usio na maji ila siku ya mvua, changarawe tupu katikati ya majabali meusi, safari ya saa moja na kitu kutoka nyumbani. Daktari akachuma kijani kidogo cha mgunga akanipa.

"Weka shavuni, dada Zuwena."

Nikaweka. Baridi, na kina umajimaji, kama shavu limebusiwa na mtoto.

"Sasa kumbuka," akasema. Adhuhuri akanirudisha kwenye mti ule ule, tawi lile lile, akanichumia kijani chengine. Nilipokibana tu kikawa unga.

Basi hapo ndipo nilipofahamu! Usiku hewa ya bahari huvuka majabali, imejaa unyevu kama mnavyoijua hapa Maskati, nguo haikauki kwenye kamba. Majani makavu yanaunyonya ule unyevu. Swala anajua. Anakula alfajiri, majani yakiwa yameshiba, na kila tonge lina mnywo wake ndani. Jua likipanda anajitia pangoni au chini ya mkunazi, anakunja miguu, hatweti ovyo, anapumua kwa pua polepole asipoteze maji yake. Mchana kutwa hatikisiki. Mkimwona swala anatembea adhuhuri ya mwezi wa sita, ambao huku ndio wa joto, jueni kuna jambo.

Na kitu chengine, msinicheke. Mavi yake. Okota kidonge, kivunje kwa ukucha. Kikiwa kikavu kama mbaazi ya mwaka jana, huyu anakamua kila tone mwilini mwake. Kikiwa laini, huyu amepata maji mahali, kayatafute. Mimi nilivunja vidonge hivyo mpaka mamangu akanikataza kukanda unga wa maandazi, hata nikinawa kwa sabuni mara ngapi.

Basi tukaingiwa na huruma. Ukame ulikuwa umeanza, mvua zinapita mbali, na sisi tukasema tuwasaidie swala wetu. Tukenda Rusayl kwa fundi wa kuchomea vyuma, Mhindi mmoja stadi sana, akatutengenezea hodhi la bati zito, zuri, limepakwa rangi ya kijani. Tukalibeba, tukalitia katikati ya bonde peupe, tukalijaza maji kutoka tangi la gari, tukajificha nyuma ya mawe tukiwa na hamu kama watu wanaosubiri bibi harusi atoke.

Walikuja nyuki. Baadaye walikuja nyigu. Ilipofika adhuhuri nilitia kidole, wallahi ungeweza kuchemshia yai! Tukalijengea kipaa cha makuti. Sasa maji yakawa baridi, lakini swala wakalitazama banda lile kutoka juu ya jabali siku baada ya siku, na hakuna aliyeshuka. Daktari ndiye aliyelala kifudifudi siku moja, akaweka kidevu chake kwenye ukingo wa hodhi kama anayekunywa, akaanza kupiga kelele:

"Haoni nyuma! Dada Zuwena, njoo ulale hapa! Akiinamisha kichwa haoni chochote ila makuti!"

Nikalala na mimi. Kweli. Ukimtilia swala maji mahali asipoona nyuma yake, wewe umemtilia mtego, na yeye hana njia ya kujua kwamba una roho nzuri.

Tukavunja kipaa. Na hapo wakaja punda.

Punda hawa hawakuwa wa mtu. Zamani watu wa vijiji vya majabalini wakibebea mizigo, zilipokuja gari wakawaachia, nao wakazaana. Wakaja kundi zima wakiongozwa na jike mmoja mzee, wa kijivu, sikio moja limechanika. Wakanywa hodhi lote, halafu yule mzee akalisukuma kwa kifua likapinduka, kama anayesema leteni jengine.

Sasa mle bondeni akiishi Mama Thuraya, mfugaji wa mbuzi. Mwanamke mkavu, mrefu, ana burka yake usoni na fimbo yake mkononi, hajui neno la Kiswahili, na sauti yake ukiisikia unajua nani mwenye bonde. Mwanawe alikuwa akimletea maji kwa mapipa. Punda wale wale wakimpindulia na yeye. Siku moja alitusubiri njiani, akapiga boneti ya gari kwa fimbo.

"Nyinyi watu wa wanyama!" akasema kwa Kiarabu chake cha majabalini. "Mnawalilia swala, na hawa mashetani wenye masikio wanamaliza maji ya kila mtu. Waondoeni! Au mnangoja mpaka mbuzi wangu wafe?"

Na sisi tuliona ana haki. Ukame ule ulikuwa umekaza. Mikunazi haikuzaa kunazi hata moja, migunga imebaki miba. Swala wamekonda mpaka mbavu zinahesabika kwa darubini. Kichwani mwetu hesabu ilikuwa rahisi: maji kidogo, punda wengi, waondoke punda. Daktari akampata mwenye shamba njia ya Barka aliyekubali kuwapokea, na lori likaja likachukua kundi la kwanza. Yule mzee wa kijivu aliwachosha wanaume mpaka wakakaa chini. Alipokwisha kupakiwa akamng'ata mmoja wao mkono wa kanzu, akabaki na kitambaa mdomoni. Wakabaki bondeni majike vijana wachache na watoto wao, wa lori la pili.

Mama Thuraya alitupikia kahawa siku hiyo. Tende nzuri kabisa.

Haikupita wiki nikaona swala anatembea adhuhuri.

Nilimpa Daktari darubini. Alikuwa jike, na mtoto wake nyuma. Akateremka mpaka kwenye pinda la wadi, pale changarawe inapogeuka mchanga, akasimama. Akapiga mchanga kwa ukwato. Akanusa. Akapiga tena. Wakaja wengine wawili, nao wakasimama pale pale kwenye mchanga mtupu, jua linawaka, kama watu waliofika dukani wakakuta pamefungwa. Yule mtoto akalala chini, si kwa kukunja miguu, akajilaza ubavu.

"Wanakufa," Daktari akasema polepole. "Kwa nini wako hapo? Pana nini hapo?"

Walipoondoka tulishuka. Nikaokota vidonge vibichi, nikavunja: vumbi. Kisha nikaenda chini ya mkunazi wa pale pindani nikachakura vya zamani, vya kabla ya lori. Juu vimekauka, lakini ukikivunja kidonge kinafunuka ndani laini, kama kilichotoka kwa mnyama aliyeshiba maji.

"Daktari, hawa walikuwa wakinywa! Katikati ya ukame wote huu, walikuwa wakinywa!"

"Wapi?" Akazunguka akitazama mchanga. "Wapi, jamani? Hakuna maji hapa!"

Kesho yake tulikuwa tumejibanza kwenye mawe juu ya pinda lile kabla hakujapambazuka sawasawa. Ilikuwa ndiyo siku ya lori la pili, lakini, nakwambieni kweli, mimi lori lilikuwa limenitoka akilini. Swala wakaja. Wakasimama kando, hawakugusa mchanga. Walikuwa wanangoja. Mimi na Daktari tukatazamana: wanangoja nini?

Akaja punda.

Jike kijana, na kihongwe chake nyuma, wale walioachwa. Akapita katikati ya swala kama muuza samaki anapopita sokoni, hakuna aliyemkimbia. Akafika pale kwenye mchanga, akainua mguu wa mbele, akaanza kuchimba. Mchanga unaruka nyuma! Kijana yule hakuwa stadi, ukuta ukamporomokea, akapiga chafya, akaanza upya. Shimo likaingia, likaingia, mpaka kifua chake kiko karibu na ardhi. Kisha akatia kichwa chote ndani. Alipokitoa, mdomo wake ulikuwa unadondoka maji.

Daktari Khalfan alinishika leso. Sijui kama alijua ameishika. "Anachimba kisima," akawa ananong'ona. "Dada Zuwena, anachimba kisima! Maji yako chini ya mchanga, swala ukwato wake mdogo hafiki, punda anafika. Yeye anachimba, wao wanakunywa nyuma yake!"

Na sisi tumempeleka Barka fundi mkuu wa visima! Yale mashimo aliyokuwa akiyachimba kila siku yule mzee wa kijivu yalijaa mchanga tangu alipoondoka, tena mbele ya macho yetu, na sisi tukiyaona mashimo bondeni miaka yote tukidhani punda wanagaagaa tu.

Hapo ndipo tuliposikia lori.

Linapanda kutoka njia ya chini, linanguruma, linagonga mawe. Swala wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anasogea shimoni.

"Nenda kalizuie!" Daktari akasema bila kutikisa midomo. "Likifika kona ile watakimbia na hawatarudi leo. Mimi niko mbele yao, nikiinuka wataniona."

Mimi nikajiburura kinyumenyume mpaka nyuma ya mawe, halafu nikainuka nikakimbia. Mwili huu mnaouona! Kiatu kimoja kilibaki kwenye ufa wa jabali. Leso ikanivuka, nikaikamata hewani. Nilitokea njiani mbele ya lori mikono nimeitanua, nywele wazi, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, na yule dereva akapiga breki mpaka vumbi likatumeza sote. Vumbi lilipotua nikamwona amekamata usukani kwa mikono miwili anasoma Aya kama aliyeona jini.

"Zima injini!" nikamwambia kwa Kiarabu. "Mimi mtu, zima injini!"

"Mimi nimetumwa kuchukua punda," akasema, usukani bado hajauachia.

"Hakuna punda wa kuchukua leo."

"Mama yule pale anasema wapo."

Nikageuka. Mama Thuraya alikuwa ameshuka kutoka kwake na fimbo, anakuja kwa hatua ndefu, na alikuwa ameshasikia.

"Nani amesema hakuna?" akauliza. "Mmeniahidi. Mbele ya mwanangu mmeniahidi! Jana wamenipindulia pipa, na leo wewe unasimama njiani kama mlango?"

Ningeweza kumweleza pale pale. Lakini nilimjua, maneno yangu yangeishia kwenye fimbo yake. Nikamwambia tu, "Mama, njoo uone kitu. Ukishaona, ukisema lori lipite, mimi nakaa pembeni."

Alinitazama mguu usio na kiatu. Nadhani huo ndio ulionitetea. Akanifuata.

Tulipofika juu swala walikuwa wanakunywa. Mmoja anainama, wawili wanatazama pande zote, kisha wanapokezana. Maana pale hapana makuti, hapana ukuta, ukiinua kichwa unaliona bonde zima. Mama Thuraya akachutama karibu na Daktari. Akalaza fimbo yake chini polepole, isigonge mawe. Kisha kutoka upande wa pili wa bonde, kwa raha zao, wakashuka mbuzi. Mbuzi wake! Yule beberu wake mweupe mbele. Wakawangoja swala wamalize, wakashika zamu.

"Huyu ni Mabruk," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ndiyo maana." Akapiga paja lake. "Kila siku anarudi jioni hataki pipa! Nikadhani mgonjwa, nikamsomea dua!" Na chini ya burka ile nikamsikia anacheka, kicheko cha chini, kinapanda kidogo kidogo, mpaka akajiziba mdomo kwa kiganja asiwatishe.

Halafu akaondoa kiganja. "Yule mzee mwenye sikio bovu yuko wapi?"

"Barka," Daktari akasema.

"Huyu mtoto hajui kuchimba. Ukuta utamwangukia." Akasimama, akachukua fimbo yake. "Mnangoja nini? Mrudisheni!"

Kurudisha ikawa kazi kuliko kuondoa. Daktari alikwenda mjini kueleza watu waliokuwa wamekubaliana naye kuwaondoa punda kwamba sasa anaomba kuwarejesha, na nilikaa nje ya mlango ulio wazi nikimsikia sauti inavyopanda kwa furaha, si kwa hasira, anachora shimo kwenye meza kwa kidole. Mwenye shamba wa Barka yeye hakuhitaji kuombwa. Mzee wa kijivu alikuwa ameshamchimbia shamba la majani ya ng'ombe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na hodhi letu la kijani tulilizungushia ukuta wa mawe nyumbani kwa Mama Thuraya, punda wasilifikie, likawa lake.

Siku hizi nyinyi mnaoifanya kazi hii mna kamera mnazifunga mtini zinajipiga zenyewe, mnarudi nyumbani mnalala, na mimi nafurahi, mnaona mambo ambayo sisi tusingeyaona. Lakini tieni kidevu chenu ukingoni pia. Laleni chini pale anapolala mnyama, tazameni anachokitazama yeye. Na kabla hamjamwondoa yeyote bondeni, kaeni kwanza mjue anafanya kazi gani pale.

Basi lori likarudi. Mlango ukafunguliwa, na yule mzee akasimama juu, akavuta hewa, tundu za pua zimetanuka. Akateremka. Hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka pindani, na sisi nyuma yake kwa mbali, Daktari, mimi, Mama Thuraya, hata yule dereva amejitia. Kule kwenye jabali swala walikuwa wamesimama mstari.

Akaanza kuchimba. Ah, wanangu, mungeona! Si kama yule kijana. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, anatandaza mchanga kwa upande ukuta usiporomoke, anasimama, ananusa, anasogea kidogo, anaendelea. Mchanga wa juu mweupe ukatoka, ukafuata wa kahawia, ukafuata wa rangi ya tope. Akatia kichwa akanywa, akanywa, akanywa, masikio tu yako nje, moja zima na moja lililochanika. Alipoondoka akasimama hatua chache pembeni kusinzia.

Yule jike wa swala akashuka. Mtoto wake nyuma, yule aliyejilaza ubavu, miguu kama njiti, lakini anatembea! Mama akanywa, akainua kichwa, akatupitishia macho sisi sote. Mtoto akainama na yeye, akateleza, miguu ya mbele ikaingia shimoni, tukaona makalio tu na mkia unatikisika. Kisha akajitoa kinyumenyume, uso wote umelowa, akapiga chafya.

Mama Thuraya akapiga kigelegele.

Kilimtoka tu, jamani, kigelegele cha harusi, majabali yote yakakipokea yakakirudisha! Swala wakaruka kama waliopigwa manati, mbuzi wakatawanyika, Daktari Khalfan akakaa chini kwenye changarawe anacheka machozi yanamtoka, na Mama Thuraya mikono miwili mdomoni, macho yamemtoka kwa haya. Yule punda mzee akafungua jicho moja, akatutazama sote, akalifumba.